Vidonge vya Mzee Sekunde

Maiti ya fundi saa ilikuwa nyepesi mno. Wahudumu wawili walijiandaa kuinua mtu mzima kutoka kitandani, wakajikuta nusura wajirushe nyuma kwa jinsi alivyobaki mifupa mitupu. Miezi minane ya kuumwa tumbo ilikuwa imemla Mzee Sekunde kidogo kidogo. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu saa iliyotoka mkononi mwake haikupoteza hata sekunde.

Inspekta alisimama miguuni pa kitanda akiwa na kofia mkononi. Kituoni walimwita Kobe. Faili ambalo wenzake hulifunga kwa siku tatu, yeye hulikalia wiki tatu, lakini likishafungwa halirudi. Alilipenda jina hilo kuliko cheo chake, na juma hili ndipo alipolitia doa.

"Baba kauawa," alisema mwana mkubwa wa marehemu. Alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu wa sauti kubwa, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia.

"Nani kakuambia?"

"Nani aniambie? Chakula anapika nani? Dawa anampa nani? Yule mwanamke."

"Mama yako?"

"Mama yangu alishafariki. Huyo ni wa kambo."

Daktari wa wodi aliitwa pembeni. Alikuwa kijana, na mikono yake haikujua ikae wapi.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Tulidhani saratani ya utumbo, afande. Ama ule uvimbe wa utumbo usiopona. Dalili zote zilikuwepo. Maumivu chini kulia, choo cha damu, homa, kukonda. Picha ilionyesha utumbo umevimba na njia imekuwa nyembamba. Tukampangia upasuaji Jumatano. Umepasuka leo Jumatatu asubuhi."

"Mlimuuliza kama amemeza kitu?"

"Mara tatu. Alisema hajameza chochote ila chakula na dawa zake."

Inspekta aliandika maneno hayo. Yalikuwa kweli tupu, ila hakuna aliyejua wakati ule.

*

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuwa mama mfupi aliyeongea na wafu kwa adabu kuliko alivyoongea na polisi. Jumanne saa nne alimsogezea Inspekta sinia la chuma.

"Hakuna saratani," alisema. "Hakuna ugonjwa wowote wa utumbo. Kuna hivi."

Vilikuwa vipande vitatu vidogo vya pakiti ya vidonge, ile ya plastiki yenye mgongo wa karatasi inayong'aa, ambamo kila kidonge hukaa chumbani mwake. Mtu alikuwa amekatakata pakiti, kidonge kimoja kimoja. Kingo za vipande zilikuwa na meno meno kama mkia wa mamba. Ndani ya kimoja kidonge kilikuwa bado kimo, kimevimba na kuwa uji mweupe.

"Viwili nyama ilishavizunguka. Vimekaa humo miezi. Kila vikisogea vinachana. Hiki cha tatu ndicho kilichotoboa. Usaha ukajaa tumboni, basi."

"Picha haikuviona?"

"Plastiki? Picha ingeona nini? Ingeona uvimbe, na uvimbe ni uvimbe. Hata mimi ningesema saratani."

"Mtu mzima na akili zake anaweza kumeza hivi vitatu?"

"Soma ripoti, Kobe. Yote. Usikimbie."

"Mimi nikimbie?" alicheka Inspekta.

Lakini alikimbia. Mwana mkubwa alikuwa ameshafika kwa mkuu wa kituo, na ndugu walikuwa wamejaa getini. Mkuu alipiga simu mara mbili kabla ya saa sita. Inspekta aliifungua ripoti akiwa ndani ya gari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa urefu na uzito, wa pili wa tumbo. Alipomaliza tumbo aliifunga, kwa kuwa alichokitaka alikuwa amekipata. Kimoja kingeitwa bahati mbaya. Vitatu aliviita mkono wa mtu.

Mama wa kambo alikutwa uani akifua mikeka ya kukalia waombolezaji. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye vidole virefu. Alifuta povu mikononi akawafuata bila kuuliza.

Kituoni, Inspekta alijaza sehemu ya juu ya fomu mwenyewe ili kuokoa muda. Kwenye kazi aliandika: mama wa nyumbani.

"Marehemu alikuwa anatumia dawa gani?"

"Za sukari."

"Nani alikuwa anampa?"

"Alikuwa anameza mwenyewe."

"Nani alikuwa anampikia?"

"Mimi."

Akaweka mfuko wa kielelezo mezani. "Hivi vilitoka tumboni mwake. Unavijua?"

Mama akavitazama. Midomo yake ilicheza kidogo, ikatulia.

"Nakuuliza, mama. Viliingiaje?"

Mama alificha mikono yake mapajani.

"Mumeo alikuwa anafungua saa ndogo kuliko ukucha. Unataka niamini kwamba mtu mwenye macho yale atameza kidonge na nyumba yake?"

Aliposikia neno macho, mama aliinamisha kichwa. Hakukiinua tena. Inspekta alikuwa ameona vichwa vingi vikiinama mbele ya meza ile, na akakisoma hicho kama alivyovisoma vingine. Akamtia mahabusu kwa tuhuma ya mauaji.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Asubuhi mama alishika nondo za mlango.

"Afande, nipelekeni nikamzike. Hata kwa pingu."

"Ndugu wamesema wakikuona watakuchana. Siwezi kubeba hatari hiyo."

Inspekta alikwenda mwenyewe, akasimama nyuma ya watu. Aliporudi, viatu vyake vikiwa na udongo, mama alikuwa palepale mlangoni.

"Walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Vizuri," alisema mama, akaenda kukaa.

Inspekta alipitia bombani, mkabala na nondo zile, akaosha viatu vile kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

*

Alhamisi mkemia alileta jibu: hakuna sumu kwenye chakula, hakuna kwenye damu. Sukari ya miezi ya nyuma ilikuwa juu sana, kama ya mtu aliyekuwa anaruka dawa. Ijumaa Inspekta alichukua funguo za kibanda cha fundi saa, akaenda peke yake, mwendo wake wa siku zote.

Mlangoni alimkuta mama mnene wa makamo, msimamizi wa mitihani, amesimama na kikaratasi.

"Nimefuata saa yangu. Niliambiwa Jumatatu itakuwa tayari. Nakuja nakuta kufuli."

"Uliileta lini?"

"Jumatano ya juma lililopita."

"Jumatano hiyo fundi alikuwa amelazwa siku ya sita."

"Hayo sijui. Mkewe alipokea. Alisema ataitengeneza."

"Nani ataitengeneza?"

"Fundi, nani mwingine? Yeye ni wa kupokea tu."

Inspekta alifungua. Ndani kulikuwa na harufu ya mafuta mepesi, na saa za ukutani zilikuwa zikigonga kila moja kwa mdundo wake. Meza ya fundi ilikuwa mbele, dirishani, mahali ambapo kila mpita njia angemwona mzee ameinama kazini. Lenzi yake ya jichoni ilikuwa juu ya kitambaa. Inspekta aliiweka jichoni ili aone fundi alivyokuwa akiona, akaona ukungu. Aliifuta kwa kidole. Kidole kilitoka na vumbi jeusi, la mwaka au zaidi.

Nyuma ya meza kulikuwa na pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza nyingine. Kiti chake kilikuwa kifupi, na mto wake ulikuwa umechakaa katikati. Kulikuwa na taa yenye shingo, kibano, skrubu zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa, na lenzi safi iliyofungiwa utepe wa kitambaa cha kanga, kipimo cha kichwa kidogo. Chini ya glasi iliyopinduliwa kulikuwa na saa ya kike inatembea. Kikaratasi chake kilikuwa na namba ileile ya mama aliyesubiri nje.

Inspekta alikaa kwenye kile kiti kifupi. Akatoa simu.

"Daktari. Mzee Sekunde. Macho yake yalikuwaje?"

Upande wa pili karatasi zilisikika zikigeuzwa.

"Ukurasa wa tatu, Kobe. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, amekomaa. Nimeandika kwamba marehemu hakuwa akiona zaidi ya mwanga na kiza. Uliisoma lini ripoti yangu?"

Ripoti ilikuwa kwenye mkoba wake tangu Jumanne, na kaburi lilikuwa limechimbwa Jumatano. Karatasi moja tu angeigeuza, yule mwanamke angemzika mumewe. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, akashukuru kwamba pazia lilikuwepo.

*

Binti wa marehemu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alimpokea Inspekta darasani wakati wa mapumziko, amevaa nguo nyeusi, chaki vidoleni. Alikuwa amerudi kazini mapema kwa sababu nyumbani, alisema, kuta zinamwangalia.

"Kaka yako anasema dawa alikuwa anatoa mama yenu wa kambo."

"Kaka haji kule, atajuaje? Dawa nilikuwa naandaa mimi. Kila Jumapili napeleka kiboksi chenye vyumba saba, cha siku saba. Nakabidhi mlangoni pa kibanda."

"Mlangoni?"

"Si kibandani, si nyumbani, ndani siingii. Tangu siku huyo mwanamke alipokalia kiti cha mama yangu."

"Huyo mama hakuwa akigusa dawa?"

"Nilimkataza mbele ya watu. Nilimwambia usiguse dawa za baba, nakujua wewe." Alisita. "Kumbe sikumjua vya kutosha."

"Vidonge ulikuwa unaviweka vitupu?"

"Hapana. Vikitolewa mapema vinanyonya unyevu, vinalegea. Nilikuwa nakata pakiti, kila kidonge na nyumba yake. Nilimuuliza baba kama ataweza kumenya. Akanicheka. Akasema, mimi nafungua saa ndogo kuliko ukucha, nishindwe na kidonge?"

Ukutani nyuma yake kulikuwa na maua ya karatasi ya kila rangi, kazi ya kupambia darasa. Kingo zake zilikuwa na meno meno kama mkia wa mamba.

"Ulikuwa unakata kwa mkasi gani, mwalimu?"

Alifungua droo, akautoa. Makali yake yalikuwa ya mawimbi. "Huu. Ndio ninaotembea nao."

Inspekta alitamani asingekuwa askari. Aliuweka mfuko wa kielelezo juu ya dawati lenye madaftari, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mwalimu aliviangalia vipande. Akaangalia mkasi. Akaangalia ukuta.

"Baba alikuwa anaona," alisema.

"Alikuwa haoni. Mwaka na zaidi."

"Alikuwa anaona. Alikuwa anakaa dirishani na lenzi. Nilimkuta kila Jumapili, na ile miwani yake nyeusi, anasema taa inamchoma."

"Kazi ilikuwa inafanywa nyuma ya pazia. Na pazia huwezi kuliona ukiwa umesimama mlangoni."

Kengele ya kumaliza mapumziko ililia. Watoto walianza kuingia, wakamkuta mwalimu wao amekaa sakafuni na mkasi mapajani.

*

Jumamosi asubuhi mwalimu alikuja kituoni mwenyewe. Inspekta alikuwa amemtoa mama wa kambo mahabusu, amemkalisha ofisini, na kiboksi cha siku saba kilikuwa mezani. Alikuwa anatafuta namna ya kuanza kusema kwamba alimkosea. Mwalimu aliingia bila kubisha.

"Nikamateni mimi," alisema. "Mwachieni huyu. Nimemuua baba kwa mikono yangu."

"Kaa, mwalimu."

"Sikai. Nilimkatia visu nikampelekea kila Jumapili. Daktari kauliza mara tatu amemeza nini, na baba angejuaje? Aliamini amemeza dawa ya mwanawe. Niandikeni."

Mama wa kambo alikuwa anamtazama. Hapo mlango ulikuwa wazi mbele yake. Angenyamaza tu, kama alivyonyamaza siku nne, angetoka nje mikono safi, na lawama yote ingebaki na binti aliyemwaibisha mbele ya watu. Inspekta aliliona jambo hilo likipita usoni mwake. Lilikaa kitambo.

"Si wewe peke yako," alisema mama.

"Mama, kabla hujasema," Inspekta aliingilia, "una haki ya kunyamaza. Utakalosema nitaliandika."

"Andika. Nimenyamaza vya kutosha." Akamgeukia binti. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua haoni. Sukari ilianza na vidole, vikafa ganzi. Ikafuata macho. Mara ya kwanza alipoangusha gurudumu la saa, tukalitafuta wote sakafuni, yeye akipapasa, alinishika mkono akaniapisha. Watoto wasijue, wateja wasijue. Wakijua, kaka yako angefunga kibanda siku hiyohiyo. Nikaanza kukaa nyuma ya pazia. Yeye ananielekeza, mimi nafanya. Baadaye hakunielekeza tena. Alikuwa anasikiliza tu mlio, anasema, hiyo imepona, mama."

"Na vidonge?"

"Kuna asubuhi aliniambia, dawa za binti yangu siku hizi zinakwaruza. Nikacheka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikasema moyoni, acha aone na yeye huyo mwanawe alivyo. Ulinikataza nisiguse, sikugusa."

Mwalimu alifumba macho.

"Lini ulijua?" aliuliza Inspekta.

"Wiki nne kabla hajafa. Kiboksi kilianguka kikafunguka. Nikaona vimo na nyumba zake. Nikaelewa palepale. Tangu siku hiyo nilikuwa naamka kabla yake, navimenya vyote, narudisha vitupu. Hakumeza kingine."

"Lakini vya zamani vilikuwa tumboni."

"Vilikuwa tumboni."

"Na madaktari walikuwa wanauliza."

"Walimuuliza yeye. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda. Mara tatu zote." Sauti yake haikupanda. "Mara ya tatu yule kijana alinitazama na mimi. Nikaangalia dirisha."

"Kwa nini?"

"Ningesema amemeza plastiki, wangeuliza kwa nini hakuiona. Ningejibu nini? Nilijiambia Jumatano wanampasua, watavikuta wenyewe. Nilikuwa nahesabu siku. Utumbo haukungoja."

"Ulikuwa unalinda heshima yake," alisema Inspekta. Alimpa njia hiyo kwa sababu yeye mwenyewe alihitaji kumpa kitu.

Mama akaikataa.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa najiambia. Lakini heshima ya mtu aliyekata tamaa ya kupona inamsaidia nini? Nilikuwa nalinda ile meza. Maisha yangu yote nimekuwa mtoto wa fulani, mke wa fulani, mama wa kambo wa fulani. Pale nyuma nilikuwa najua kitu. Watu wanatoka na saa zangu mikononi. Nikisema, kibanda kinafungwa narudi jikoni. Kwa hiyo nikamwacha alale na maumivu, nikamfuta jasho, nikanyamaza."

Mwalimu ndiye aliyeongea kwanza, na hasira aliyoitafuta haikuja.

"Ungeniambia. Hata pale mlangoni."

"Na wewe ungeingia ndani," alisema mama. "Hata siku moja."

Mwalimu alivuta kiti akakaa kando ya mama, si karibu sana.

Inspekta aliweka kalamu chini. "Na mimi nina langu," alisema. "Ripoti ilisema hakuwa akiona. Ilikuwa mkobani mwangu siku moja kabla ya mazishi. Sikuisoma mpaka mwisho. Ningeisoma, usingekuwa nyuma ya nondo wakati anazikwa. Nimemwandikia mkuu wangu hivyo."

Alitegemea, kama watu wote wanaokiri, kwamba ataambiwa hapana, si kitu. Mama alimtazama tu.

"Ulikwenda wewe badala yangu," alisema. "Mpaka viatu uliviosha."

Inspekta aliyapokea maneno hayo bila kujitetea, kwa kuwa yalikuwa haki yake. Kisha alimsomea maelezo yake, sentensi kwa sentensi, akamweleza kwamba faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka na yeye ndiye atakayeamua kama lina kosa na ni kosa gani. Mama aliitikia kwa kichwa. Alichukua kalamu, akairudisha mezani.

"Hapo juu umeandika nini?"

"Umri. Makazi. Kazi."

"Kazi gani?"

Inspekta aliangalia mwandiko wake wa Jumanne. "Mama wa nyumbani."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

Alipiga mstari juu ya maneno yale. "Unafanya kazi gani, mama?"

Mama alimwangalia binti wa mumewe, halafu vidole vyake mwenyewe.

"Fundi saa."

Aliandika, akamgeuzia karatasi. Mama alilitazama neno lile kwa muda mrefu.

"Kwa neno hili tu," alisema, akasaini.